Uchimura Kanzo, Mkristo Aliyesita Kuinama

Tarehe 9 Januari 1891, katika shule ya serikali mjini Tokyo iliyowaandaa vijana kuingia chuo kikuu, walimu wapatao 60 na wanafunzi zaidi ya 1,000 walikusanyika ukumbini. Mbele yao uliwekwa Waraka wa Elimu, ambao Kaizari wa Japani aliutoa tarehe 30 Oktoba mwaka uliotangulia, ukiwa na sahihi ya mkono wake. Kila mwalimu alitakiwa apande jukwaani, mmoja baada ya mwingine, asimame mbele ya ile karatasi na kuinama hadi chini, jinsi watu wa nchi ile walivyoinama mbele ya kumbukumbu za wazee wao waliokufa na katika mahekalu ya miungu. Wa tatu katika mstari alikuwa kijana wa miaka 29, mwenye miezi michache tu katika kazi hiyo. Jina lake Uchimura Kanzo. Uchimura ndilo la ukoo, nalo hutangulia kwa desturi ya Kijapani.

Alikuwa Mkristo. Shuleni hapo walikuwapo walimu Wakristo wengine wawili, lakini siku hiyo hawakufika. Uchimura alifika. Baadaye alimwandikia rafiki yake Mmarekani, David Bell, kwamba hakuwa amejiandaa kwa jambo lile, na kwamba zamu yake ilimkuta kabla hajapata nafasi ya kulifikiri. Alipanda, akasimama, akasita. Kisha akainamisha kichwa kidogo, si kule kuinama kwa kina kulikotakiwa, akashuka.

Sisi Wakristo tukisimulia habari hii huwa tunainyoosha. Tunamfanya Uchimura kuwa Shadraka mbele ya sanamu ya Nebukadneza, naye tanuru limempata lakini moyo haukuyumba. Habari yenyewe ina mikunjo zaidi, na tunadhani ni kwa mikunjo hiyo inatufaa. Hakukataa kwa sauti. Hakutoa hotuba. Alisita tu, na kusita kule kukamgharimu kazi, jina jema, afya, na katika majira yaleyale akampoteza mke. Na kabla hayajaisha, kama tutakavyoona, alikubali ile heshima itolewe.

Tumjue kwanza alikotoka. Alizaliwa mwaka 1861 mjini Edo, ambao sasa ni Tokyo, katika ukoo wa samurai, yaani wapiganaji waliomtumikia bwana wa eneo. Baba yake alikuwa msomi wa mafundisho ya Konfusio. Mtoto alikuwa na umri wa miaka saba utawala wa zamani ulipoanguka mwaka 1868, na watu wa tabaka lake wakaanza kupoteza vyeo na posho zao. Huyu hakuwa mtoto asiye na dini. Shida yake ilikuwa kuwa na miungu mingi mno. Katika kitabu alichokiandika kwa Kiingereza na kukichapisha mwaka 1895, kueleza jinsi alivyokuwa Mkristo, anasimulia kwamba njiani kwenda shule hakuweza kupita hekalu bila kusimama na kuomba. Miungu yenyewe haikupatana: mmoja alichukia mayai, mwingine maharage, na mtoto mwenye kutaka kuwaridhisha wote alijikuta karibu kila alichokipenda kuna mungu aliyekikataza.

Mwaka 1877 alikwenda Sapporo, kaskazini kabisa, kusoma katika Chuo cha Kilimo. Mwaka mmoja kabla yake alikuwa amefika hapo Mmarekani, William Clark, mwalimu wa kilimo aliyefundisha pia Biblia. Clark alikaa miezi minane tu, akaondoka. Lakini aliacha nyuma hati inayoitwa Agano la Waumini katika Yesu, iliyotiwa sahihi na wanafunzi wote wa darasa la kwanza. Hao ndio waliowapokea wageni, na waliwapokea kwa kuwabana. Uchimura alikwenda hekaluni akamwomba mungu wa eneo lile auzime upesi moto huu wa dini ngeni. Haukuzimwa. Wenzake mmoja mmoja wakaandika majina yao, naye mwishowe akaandika lake, na miaka mingi baadaye hakuficha kwamba alilazimishwa.

Tunakiri kwamba jambo hili linatupa shida kidogo. Tumezoea ushuhuda wa mtu aliyesikia neno, akachomwa moyo, akaja mbele kwa hiari. Huyu alisukumwa na wenzake wa bweni. Lakini alichokipata baada ya kusukumwa kilikuwa chake kweli. Anasema kwamba kumjua Mungu mmoja tu kulikuwa kama kutuliwa mzigo: sasa angeweza kupita mbele ya mahekalu yote njiani bila hofu, bila kusimama. Tarehe 2 Juni 1878 alibatizwa pamoja na wenzake sita na mmisionari Mmethodisti, M. C. Harris. Alichagua jina la Jonathani kwa kupenda urafiki wa Jonathani na Daudi. Mmoja wa waliobatizwa naye ni Nitobe Inazo, ambaye baadaye alikuwa naibu katibu mkuu wa Shirikisho la Mataifa kule Geneva.

Vijana hao saba walianza ibada yao wenyewe chumbani. Hawakuwa na mchungaji. Kila Jumapili mmoja alishika zamu. Mimbari yao ilikuwa pipa la unga. Yeyote aliyewahi kuabudu chini ya mwembe au katika darasa la shule kabla kanisa halijajengwa anaweza kuiona picha hiyo. Walipohitimu mwaka 1881, Uchimura akiwa wa kwanza darasani, walitaka nyumba ya ibada. Misheni ya Wamethodisti iliwakopesha fedha za kuipata. Lakini mji ulikuwa mdogo, na vijana waliona ajabu kwamba wao waliosoma pamoja na kuomba pamoja wagawanywe kati ya Wamethodisti na Waanglikana kwa sababu ya historia ya Uingereza na Marekani isiyowahusu. Wakatangaza kwamba watakuwa kanisa moja, huru, lao wenyewe. Misheni ikataka fedha zake zirudishwe mara moja. Wakazirudisha, kwa kujinyima, na mwaka 1882 kanisa huru la Sapporo likasimama bila deni. Mengi aliyoyasema Uchimura baadaye kuhusu kanisa yana mizizi katika deni lile. Mtu aliyekwisha kuona urafiki wa ibada ukigeuka daftari la madai hasahau kwa urahisi.

Mwaka 1884 alioa, na ndoa ikavunjika katika miezi michache. Mwishoni mwa mwaka huohuo akapanda meli kwenda Marekani. Aliiwazia kama nchi takatifu. Kiingereza alikuwa amekijua zaidi kupitia Biblia, basi alifikiri ndiyo lugha ya watu watauwa. Alipofika akasikia jina la Mungu likitajwa kila kona, naam, lakini katika matusi. Akaona pia jinsi Wachina, Wahindi Wekundu na watu weusi walivyotendewa katika nchi hiyo ya Biblia. Alipata kazi huko Elwyn, Pennsylvania, katika taasisi ya watoto wenye ulemavu wa akili, akiwaogesha, akiwalisha, akiwalaza. Mwana wa samurai kusafisha kitanda cha mtoto wa kigeni si jambo dogo, naye aliifanya kazi ile akidhani kwamba kwa matendo mema kama hayo ataipata amani iliyokuwa imemkimbia.

Hakuipata. Aliipata Amherst, chuoni Massachusetts, na aliyemsaidia ni rais wa chuo, Julius Seelye. Mzee huyo alimwona kijana akijichunguza usiku na mchana, akipima dhambi zake na maendeleo yake, akamweleza kwamba anafanana na mtoto aliyepanda mti katika chungu kisha kila siku anaung'oa kuona kama mizizi inakua. Acha kujitazama ndani, alimwambia kwa maana hiyo. Mtazame Yesu aliyezichukua dhambi zako msalabani. Uchimura aliiweka tarehe 8 Machi 1886 kuwa siku aliyoelewa. Tangu hapo hakuondoka katika jambo hilo. Wapo wanaomhesabu miongoni mwa wanafikra wa taifa lake, na ni haki, lakini hakukalia kamwe kiti cha falsafa katika chuo kikuu chochote, na fikra zake zote, kuhusu vita, serikali, kanisa na nchi, zinatoka kwenye mzizi huu mmoja: mwanadamu anahesabiwa haki kwa imani, si kwa alichokifanya wala alichokiinamia.

Alirudi Japani mwaka 1888, akafundisha kwa muda mfupi Niigata, akagombana na wamisionari, akaondoka. Mwaka 1889 akamwoa Kazuko. Mwaka 1890 akapata kazi katika ile shule ya serikali. Ndipo ikaja siku ya tarehe 9 Januari.

Wanafunzi na baadhi ya walimu walichukizwa. Magazeti yakalichukua jambo, na jina la Uchimura likawa mfano wa mtu asiyeipenda nchi yake. Yeye mwenyewe akaanguka kitandani kwa homa ya mapafu. Mkuu wa shule alimweleza kwamba kuinama kule si kuabudu bali ni heshima tu kwa mfalme. Uchimura, akiwa mgonjwa sana, akakubali kwamba ikiwa ni hivyo basi heshima itolewe, na mwalimu mwenzake, Kimura Shunkichi, akainama kwa niaba yake. Haikusaidia. Kazi aliipoteza hata hivyo. Kazuko, aliyemuuguza na kuwakabili wenye hasira waliokuja mlangoni, naye akaugua. Akafa tarehe 19 Aprili 1891. Tangu siku ya ukumbini hadi siku ya kaburi ni siku mia moja tu.

Ndugu katika imani hawakukosekana waliosimama naye. Mchungaji Uemura Masahisa alimtetea waziwazi katika gazeti lake. Lakini wengine walimlaumu kwa kusita, kwa kuwa aliwaletea Wakristo wote maneno. Na wengine walimlaumu kinyume chake, kwa kukubali baadaye. Hivyo alipigwa pande zote mbili kwa shingo moja.

Tukiifikiria habari hii twamkumbuka Naamani, yule jemadari wa Shamu katika kitabu cha pili cha Wafalme. Alipokwisha kutakaswa katika mto Yordani alimwomba Elisha jambo moja: atakapoingia na bwana wake katika nyumba ya Rimoni, mfalme akiuegemea mkono wake, naye akalazimika kuinama, Bwana amsamehe. Elisha hakumkemea. Alimwambia aende kwa amani. Biblia hiyohiyo inayotupa vijana watatu wa Babeli inatupa na Naamani, na haituelezi ni lini tuwe hao na lini tuwe huyu. Uchimura ukumbini alikuwa wa Babeli, na kitandani alikuwa Naamani. Tusiokuwapo ukumbini wala kitandani hatuna haraka ya kumhukumu.

Mwaka 1893 aliinuka msomi mkubwa kuigeuza habari ya mtu mmoja kuwa kesi ya dini nzima. Inoue Tetsujiro, profesa wa falsafa wa Chuo Kikuu cha Kifalme cha Tokyo, aliandika kwamba Ukristo na elimu ya Kijapani havipatani: Waraka unafundisha utii kwa mfalme na kwa wazazi, na Ukristo unahubiri upendo kwa watu wote bila tofauti na ufalme usio wa dunia hii, basi Mkristo hawezi kuwa raia mwema. Uchimura alimjibu kwa barua ya wazi. Hoja yake ilikuwa rahisi, na kwetu ina uzito bado. Waraka wa mfalme, alisema, umetolewa utekelezwe, haukutolewa uinamiwe. Na anayeinama hadi sakafuni kisha akaishi maisha machafu ndiye asiyemheshimu mfalme. Profesa hakuwa na la kusema juu ya maisha ya wainamaji.

Miaka iliyofuata Uchimura aliishi Osaka, Kumamoto na Kyoto, maskini, akiwa ameoa tena mwishoni mwa mwaka 1892. Mke huyu, Shizuko, alidumu naye hadi mwisho. Ni miaka hiyo ya njaa alipoandika vitabu vyake vikubwa. Cha kwanza, cha mwaka 1893, kinahusu faraja za Mkristo, na sura zake ni orodha ya vidonda: mtu aliyefiwa na mpenzi wake, mtu aliyeachwa na watu wa nchi yake, mtu aliyeachwa na kanisa lake. Katika sura hiyo ya kanisa ndimo lilimotokea neno ambalo tangu hapo limeambatana na jina lake: mukyokai. Kyokai ni kanisa, na mu ni pasipo. Pasipo kanisa.

Hapa inatubidi tuseme wazi, kwa kuwa kitabu hiki mnachokishika kimechapwa na kanisa, na sisi tunaoandika tumebatizwa, tumeozwa na kuwazika wazazi wetu kanisani. Je, tunamsifu mtu aliyefundisha watu kukaa nje ya nyumba yetu?

Yeye mwenyewe aliliona swali hilo. Mwaka 1901 alipoanzisha jarida dogo lenye jina hilohilo la Mukyokai, alieleza kwamba neno hili si la kubomoa makanisa. Wako wengi duniani wasio na kanisa kama walivyo wengi wasio na nyumba, na yeye anaandika ili hao nao wawe na mahali. Watu wa namna hiyo walikuwa wengi kweli: walimu wa shule za vijijini, wakulima, maofisa wadogo, waliofukuzwa na wasiojua waingie wapi. Mwaka 1900 alianzisha jarida la kujifunza Biblia, Seisho no kenkyu, lililotoka kila mwezi, na kwa wengi wa wasomaji hao bahasha ile ndiyo ilikuwa mimbari yao na kengele yao. Waliomjia Tokyo walikaa wakafungua Biblia, mwalimu akafundisha, wakaomba, wakaenda. Hapakuwa na mchungaji aliyewekewa mikono, wala sakramenti za kawaida, wala ofisi, wala fedha kutoka ng'ambo. Jambo hili la mwisho alilisimamia kwa ukali: alitaka Ukristo wa Japani ulipwe na Wajapani, na usitegemee mfuko wa misheni yoyote.

Hatukubaliani naye katika yote. Nyumba isiyo na mzee wa kanisa humtegemea mno mwalimu mmoja, na Uchimura alikuwa mtu mgumu, mwenye hasira za ghafla; wanafunzi kadhaa aliowapenda waliachana naye kwa uchungu. Na asiyejua kusoma angefanya nini katika ushirika ambao kiti chake cha enzi ni jarida? Lakini swali lake linabaki mlangoni mwetu: yule aliyeumizwa na kanisa, na bado anampenda Kristo, ni wa nani?

Sehemu ya pili ya maisha yake inahusu vita. Mwaka 1894 Japani ilipoishambulia China, Uchimura aliandika kwa Kiingereza kuutetea upande wa nchi yake, akiamini ni vita vya haki vya kuikomboa Korea. Japani ikashinda, ikachukua kisiwa cha Taiwan na fidia kubwa ya fedha, na Korea haikupata lolote. Uchimura akaona aibu. Alimwandikia Bell kwamba vita alivyoviita vya haki vimegeuka kuwa kama vya maharamia. Tunajua viongozi wengi waliokosea. Waliokiri kwa maandishi ni wachache.

Kwa hiyo mwaka 1903, taifa lilipokuwa likidai vita na Urusi, yeye alikuwa mwandishi katika gazeti kubwa la Tokyo, Yorozu Choho, ambamo alikuwa amekwisha kupiga kelele kwa ajili ya wakulima waliotiwa sumu na maji ya mgodi wa shaba wa Ashio. Tarehe 30 Juni aliandika humo kwamba anapinga si vita na Urusi tu bali vita vyote, kwa kuwa vita ni kuua watu, na kuua watu ni dhambi kubwa. Gazeti lilipogeuka Oktoba na kuunga mkono vita, aliacha kazi, na siku hizo wakaacha pia waandishi wawili wasoshalisti, Kotoku Shusui na Sakai Toshihiko. Kwa mara ya pili akakosa mshahara.

Lakini kuna mkunjo tena. Huko Hanamaki, kaskazini, mwalimu wa shule aitwaye Saito Sojiro alisoma maneno ya Uchimura akayachukua kama yalivyo: akaamua kukataa jeshi na kukataa kodi ya vita. Uchimura alipopata habari alipanda treni akaenda mwenyewe kumzuia. Alimwambia afikiri watakaoumia, wazazi wake, na mtu mwingine atakayepelekwa mstari wa mbele badala yake. Wako wanaomwita mwoga kwa hili. Sisi tunaona mtu aliyekwisha kumzika mke baada ya kusita kwake ukumbini, na aliyejua bei ya kusita huwa hailipwi na mwenye kusita peke yake. Hata hivyo hatuwezi kusema jibu lake linatosha. Alifundisha kwamba mpinga vita akienda vitani na kufa, kifo chake ni sadaka ya kukomesha vita. Maneno hayo ni mazito, tena ni hatari, maana serikali yoyote ingeyafurahia.

Mwaka 1912 alipata pigo ambalo wasomaji wake walilikumbuka kuliko mengine. Binti yake Rutsuko, aliyepewa jina la Ruthu wa Biblia, aliugua miezi mingi na kufa tarehe 12 Januari, hajafika miaka 20. Kabla hajafa, baba huyu ambaye kwa desturi hakuandaa meza ya Bwana aliiandaa kando ya kitanda, wakala na kunywa, baba, mama na mtoto. Hatusemi hili ili tuwashinde mukyokai kwa hoja. Tunalisema kwa kuwa linaonyesha alikataa nini na hakukataa nini. Makaburini alichukua udongo mkononi, akauinua, akamlilia mwanawe kwa sauti kuu "Banzai!", neno ambalo Wajapani hulitumia kushangilia ushindi na maisha marefu. Kijana mmoja aliyekuwa mgeni katika darasa lake, Yanaihara Tadao, alikuwapo, na anasema alitetemeka, akajua kwamba kumwamini Kristo si jambo la mchezo.

Miaka ya uzee ilikuwa na matunda zaidi. Tangu mwaka 1918 alizunguka kuhubiri kurudi kwa Kristo, na safari hii pamoja na wahubiri wa makanisa aliyokuwa akiyakosoa. Mwaka 1921 na 1922 alieleza Waraka kwa Warumi, Jumapili baada ya Jumapili, katika ukumbi katikati ya Tokyo, mbele ya mamia ya watu, na tarehe 1 Septemba 1923 tetemeko kubwa la ardhi likauangamiza ukumbi ule. Kundi lake lilichanga fedha kwa ajili ya misheni huko China, na hata kwa hospitali ya Albert Schweitzer kule Lambaréné, Gaboni, hivyo sadaka za Wajapani wasio na kanisa zilifika Afrika. Mapenzi yake, alikuwa akisema, ni kwa majina mawili tu, Yesu na Japani, na hakujua lipi alipende zaidi. Maneno aliyotaka yawekwe juu ya kaburi lake aliyaandika alipokuwa kijana huko Amherst: yeye ni kwa ajili ya Japani, Japani kwa ajili ya ulimwengu, ulimwengu kwa ajili ya Kristo, na vyote kwa ajili ya Mungu. Alifariki tarehe 28 Machi 1930. Kama alivyoagiza, darasa lake likavunjwa na jarida likafungwa. Toleo la 357 likawa la mwisho.

Yaliyofuata hakuyaona. Mwaka 1937 Japani iliingia tena vitani na China. Yanaihara, yule kijana wa makaburini, sasa profesa wa Chuo Kikuu cha Kifalme, alisema na kuandika dhidi ya njia ya nchi yake, na Desemba mwaka huo akalazimika kuacha kiti chake. Mwaka 1941, kwa shinikizo la sheria ya serikali, makanisa ya Kiprotestanti yaliunganishwa kuwa moja, na Januari 1942 kiongozi wake akaenda hekalu la Ise, la mungu wa kike wa jua ambaye Kaizari alihesabiwa kuwa wa uzao wake, kutoa taarifa ya kuundwa kwa kanisa. Kichwa kilichosita mwaka 1891 kilikuwa cha mtu mmoja. Kilichoinama Ise kiliwakilisha makanisa. Tuwe waangalifu hapa, maana hata miongoni mwa watu wa mukyokai wako walionyamaza na wako walioishangilia vita. Kanisa lile la muungano lenyewe, siku ya Pasaka ya mwaka 1967, lilitoa ungamo la hadhara kuhusu wajibu wake katika vita, likaomba msamaha kwa Mungu na kwa watu wa Asia.

Na kulikuwa na Mkorea, Kim Kyo-shin. Japani iliitwaa Korea mwaka 1910, na Kim alikuwa kijana aliyekwenda Tokyo kusoma katika nchi iliyoitawala yake. Huko akaketi miguuni pa Uchimura, akajifunza Biblia kwa miaka kadhaa. Aliporudi nyumbani wenzake walimshangaa: Mkorea anajifunzaje imani kwa Mjapani? Mwaka 1927, pamoja na rafiki zake, alianzisha jarida lake, na jina lake likaunganisha Biblia na Korea, kama vile mwalimu wake alivyoyaunganisha majina yake mawili. Mchana alifundisha shuleni, usiku akaandika na kusahihisha, akapeleka mwenyewe kurasa kwa wakaguzi wa serikali ya Kijapani. Mwaka 1942 wakaguzi hao walilifunga jarida, naye akatiwa gerezani karibu mwaka mzima. Alipotoka alikwenda kufanya kazi kiwandani kati ya vibarua Wakorea, akiwauguza waliopatwa na homa iliyozuka kambini, na homa hiyohiyo ikamuua Aprili 1945, miezi minne kabla Korea haijawa huru.